Kaburi la Mshindi: Ziara za Vikundi Vidogo kutoka Nyanda za Njombe hadi Kalenga na Historia Iliyotangulia Mwaka 1891

Kikundi kinachotoka vilima vya Liganga, wilayani Ludewa, kwenda Kalenga kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa hakina njia nyingi za kuchagua. Hufika kwanza Njombe mjini, hufuata lami ya kilomita 60 hivi hadi Makambako, mahali ambapo barabara itokayo Songea hukutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya na ambapo reli ya TAZARA ina stesheni yake. Kisha hugeuka kaskazini-mashariki, hupita Mafinga na kuingia Iringa. Kutoka hapo hubaki kilomita zipatazo 15 kwa njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Vikundi vya namna hii kwa kawaida huwa vidogo: wanafunzi wa kidato kimoja na mwalimu wao wa historia, wanakwaya wa usharika, watumishi wa ofisi moja waliochangishana na kukodi basi dogo. Huondoka alfajiri penye ukungu, na wengi hutarajia kurudi usiku uleule.

Msafiri wa namna hii mara nyingi huhesabiwa kuwa mtalii wa ndani, na mjadala juu yake huishia kwenye idadi na kiingilio. Insha hii inamtazama kwa jicho jingine. Mtu atokaye Njombe haendi Kalenga kama asiyehusika. Wengi wa wenyeji wa mkoa huo ni Wabena, Wapangwa na Wakinga, na nyumba wanayoizuru ni ya ukoo uliopata ukubwa wake, kwa sehemu, kwa kuwashinda majirani wa kusini, hasa Wabena. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba simulizi ya Kalenga, jinsi ilivyopokewa na taifa, huanza mwaka 1891. Mwanzo huo ndio unaomwezesha Mbena kuingia humo kama mwenyeji; lakini ndio pia unaoyafunika mambo ambayo yeye, kuliko mgeni mwingine yeyote, ana haki na uwezo wa kuyauliza.

Uwezo huo si neno la kupamba. Huanzia kwenye lugha. Kibena na Kihehe ni lugha ndugu, na salamu ya *kamwene* huitikiwa Njombe kama inavyoitikiwa Iringa. Mgeni kutoka pwani akifika Iringa huelezwa kwamba Gangilonga, mwamba unaoutazama mji, maana yake ni jiwe linalosema, na kwamba Tosamaganga, kilima kilicho jirani na Kalenga, kimebeba neno lenye maana ya mawe. Mtu wa Ludewa hahitaji kuelezwa. Liganga ya kwao ni neno hilohilo: jiwe. Liliitwa hivyo muda mrefu kabla ya wataalamu kuyapima mashapo yake ya chuma na kuyakadiria kuwa tani milioni 126, wakati ambapo wafua chuma wa Upangwa waliyeyusha mawe yenye chuma kwa mkaa na viriba ndani ya tanuri za udongo ili kupata majembe na mikuki. Tanuri hizo hazikujengwa ili zikumbukwe. Hazikuwa na mfalme. Huenda ndiyo sababu kikundi kinachotafuta historia hupanda gari kuziacha nyuma.

Uhehe na Ubena kabla ya Wajerumani

Katikati ya karne ya 19 Uhehe haukuwa dola moja. Ulikuwa na watawala wadogo wengi, na aliyewaunganisha kwa vita, kwa ndoa na kwa hofu ni Munyigumba wa ukoo wa Muyinga. Alipokwisha kuwakusanya walio karibu, alizigeukia nchi za jirani. Usangu wa akina Merere uliguswa, na Ubena uliguswa kwa kina zaidi. Katika miaka ya 1870 watawala wa Wabena wa ukoo wa Manga walisukumwa kutoka nyanda za juu, wakashuka na watu wao hadi bonde la Kilombero, nchi ya mito na joto isiyofanana hata kidogo na baridi waliyoizoea. Waliobaki juu waliishi chini ya kivuli cha mshindi. Munyigumba alikufa mwaka 1879. Mwanawe Mkwavinyika, ambaye jina lake limefupishwa vitabuni kuwa Mkwawa, alilazimika kwanza kupigania kiti ndani ya ukoo wenyewe kabla ya kuiendeleza kazi ya baba yake.

Miaka hii ndiyo iliyoijenga Kalenga. Ngome iliyokuja kuitwa Lipuli, jina ambalo leo vijana wengi hulijua kwa sababu ya klabu ya mpira ya Iringa, haikuzungushiwa ukuta wake mrefu kwa nguvu za kijiji kimoja. Dola iliyoweza kuisimamisha ilikuwa dola iliyokwisha kupokea ng'ombe, mateka na utii wa majirani. Kusema hivyo si kumpunguzia Mkwawa sifa zake. Ni kueleza sifa hizo zilipata wapi miguu ya kusimamia.

Kisha yakaja mambo ambayo kila mwanafunzi huyajua. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya mahali ulipo mji wa Iringa leo, wapiganaji wa Kihehe waliuvizia msafara wa Emil von Zelewski. Waliwaua Wazungu kumi, yeye mwenyewe akiwamo, pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, wakateka bunduki kwa mamia na mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele aliirudia Uhehe kwa jeshi kubwa na kuiteka Kalenga. Mkwawa alitoroka, akapigana vita vya porini kwa karibu miaka minne huku kichwa chake kikiwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, na tarehe 19 Julai 1898, alipokaribia kukamatwa, alijiua kwa risasi huko Mlambalasi.

Katika simulizi hii Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero, na Merere wa Usangu hutajwa kwa kifupi, na hutajwa kama waliomsaidia adui. Kwa hesabu ya mwaka 1891 hukumu hiyo ina mantiki. Kwa hesabu ya miaka ya 1870 mambo hubadilika sura: mtu aliyefukuzwa kwake hakuwa na sababu ya kumwona Mjerumani kuwa ndiye mvamizi wa kwanza. Mwalimu wa Njombe anayewaongoza wanafunzi wake Kalenga hukabiliwa na uchaguzi huu wa tarehe, hata kama hautamki.

Mfano kutoka India

Suala la mgeni anayelizuru jumba la mshindi wa babu zake limewagusa watu wengi nje ya Uhehe. Lilikojitokeza kwa ukubwa ni India, kwenye makaburi na ngome za dola ya Wamughali, na kwa kuwa baadhi ya waliopambana na dola hiyo walizaliwa upande huu wa Bahari ya Hindi, ulinganisho hauko mbali kama unavyoonekana.

Anayeingia Taj Mahal kwa mara ya kwanza, akiwa na kikundi kidogo na kiongozi wao, husikia kisa cha mapenzi: Mumtaz Mahal alifariki mwaka 1631 alipokuwa akijifungua, na mumewe, Shah Jahan, akaanza mwaka uliofuata kumjengea kaburi la marumaru kando ya mto Yamuna mjini Agra. Kisa hiki ni cha kweli, na machozi yanayokisindikiza si ya bure. Lakini Mumtaz hakufia Agra. Alifia Burhanpur, mbali kusini, kwa sababu alikuwa amefuatana na mumewe katika vita vya Dekani. Kisa kikianza na kifo, vita hutoweka. Mtalii hutoka na huzuni ya mume, naye mtu wa Dekani, ambaye nchi yake ndiyo iliyokuwa ikipigwa, hualikwa kuishiriki huzuni hiyo.

Dekani hiyohiyo ilikuwa imetetewa kwa miaka mingi na Malik Ambar, Mhabeshi aliyezaliwa mnamo mwaka 1548, akauzwa utumwani, akavushwa Arabuni hadi India na hatimaye akawa waziri mwenye nguvu zote katika usultani wa Ahmadnagar. Mfalme Jahangir, babake Shah Jahan, alimchukia kiasi cha kuagiza picha, iliyochorwa na Abu'l Hasan mnamo mwaka 1616, inayomwonesha mfalme amesimama juu ya dunia akikipiga mishale kichwa cha Ambar kilichochomekwa juu ya mkuki. Kichwa hicho kilikatwa katika picha tu. Ambar alikufa kwa uzee mwaka 1626, akiwa hajatiwa mkononi, na kaburi lake liko Khuldabad. Katika mji huohuo mdogo alizikwa, mwaka 1707, Aurangzeb, mtoto wa Shah Jahan na Mumtaz, katika kaburi lisilo na kuba. Kikundi chenye nusu siku kinaweza kuyazuru yote mawili kwa miguu. Hakuna kibao kinachoweza kuwapatanisha wawili hao, na pengine si kazi ya kibao kufanya hivyo.

Si kila mgeni wa makaburi hayo alikuja kwa heshima. Mwishoni mwa karne ya 17 Wajati, wakulima walioasi kodi na mabavu ya dola, walilivamia kaburi la Akbar huko Sikandra na kulipora. Habari za wakati ule husema hata mifupa ilitolewa na kuchomwa. Nao pia walikuwa wakazi wa jirani waliokwenda kaburini kwa mtawala, na walijua walichokifuata. Historia ya ziara isiyowataja watu wa namna hiyo itakuwa imewachagua wageni wake.

Kaburi lina uwezo ambao watawala wa kigeni waliutambua mapema. Mwezi Septemba 1857 mfalme wa mwisho wa Wamughali, Bahadur Shah Zafar, alikimbilia kwenye kaburi la mzee wake Humayun mjini Delhi, na hapo ndipo alipojisalimisha kwa Waingereza. Walimhamishia Rangoon. Alipokufa, tarehe 7 Novemba 1862, walimzika upesi na kuusawazisha udongo ili mahali pasijulikane, wasije watu wakapafanya pa kukutania. Kaburi lenyewe lilipatikana mwaka 1991 tu, wakati wa uchimbaji wa msingi.

Kichwa Kalenga, kiwiliwili Mlambalasi

Hofu iyo hiyo ilifanya kazi Uhehe mwaka 1898, kwa njia ya kikatili zaidi. Kichwa cha Mkwawa kilikatwa na kupelekwa kwa Tom von Prince, mkuu wa kituo cha Iringa, na baadaye fuvu likapelekwa Ujerumani. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi. Kile ambacho Abu'l Hasan alikichora kumfurahisha Jahangir, Wajerumani walikitenda. Miaka 21 baadaye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Ni jambo la kustaajabisha hata leo: katika mkataba uliogawa nchi na kupanga fidia za vita vikuu, jina la mtawala mmoja wa Nyanda za Juu Kusini limeandikwa. Hata hivyo fuvu halikuja ndani ya miezi sita. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, lililokuwa na mafuvu mengi yaliyochukuliwa makoloni. Lililochaguliwa lilipatikana kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na kwa kuwa lilikuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi.

Wako waliotia shaka kama fuvu hilo ni lenyewe, na njia iliyotumiwa kulitambua haiwezi kuiondoa shaka hiyo. Kwa hoja ya insha hii, lenye uzito ni kwamba tangu 1954 Kalenga imekuwa mahali ambapo mtu huona kwa macho yake kitu kilichoporwa na kurudishwa. Hilo ndilo huwapata wageni wanapoingia katika chumba kile kidogo: sauti hushuka, simu huinuliwa kupiga picha kisha huteremshwa. Mbena aliye mbele ya kioo hicho hamwoni mshindi wa babu zake. Humwona mtu aliyekatwa kichwa na wageni. Ndipo mwaka 1891 unapofanya kazi yake, na unaifanya vizuri: mateso ya mshindi yanakuwa mateso ya wote.

Kazi hiyo haikufanywa na Kalenga peke yake. Jina la Lugalo limepewa kambi ya jeshi na hospitali yake mjini Dar es Salaam, na jina la Mkwawa limepewa chuo kikuu kishiriki mjini Iringa. Taifa changa lililohitaji mashujaa lilifanya uchaguzi wenye busara. Ila penye uwanja wa Lugalo wenyewe mnara wa kale zaidi ni ule uliojengwa na Wajerumani kuwakumbuka Zelewski na wenzake. Walioshinda siku ile hawakuweka jiwe; walioshindwa ndio walioliweka. Mgeni aliyezoea kwamba mnara huwa wa mshindi, kama ilivyo Agra na Delhi, hubidi ausome mnara huu kinyume.

Kikundi chenye siku moja huiona Kalenga na kurudi. Mlambalasi, kilomita 50 hivi kutoka Iringa kwa njia hiyohiyo ya Ruaha, huhitaji saa zaidi na gari lisiloogopa vumbi. Ni hasara. Pale hakuna kioo. Kuna kaburi, na juu yake kuna pango la mwamba ambamo wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vifaa vya chuma, na chini zaidi zana za mawe na mifupa ya binadamu wa maelfu ya miaka iliyopita, walioishi na kuzikwa hapo kabla ya kuwapo Mhehe wala Mbena. Mbele ya tabaka hizo swali la nani alitangulia kumfukuza nani halifutiki, lakini hupata kipimo chake.

Swali linalobaki garini

Hadi mwaka 2012 Njombe na Iringa zilikuwa mkoa mmoja. Mwalimu wa Makambako aliyewapeleka wanafunzi Kalenga kabla ya hapo aliwapeleka kwenye makumbusho ya mkoa wao. Leo huvuka mpaka, na mpaka huo, ingawa uliwekwa kwa sababu za utawala, umerudisha kwa namna fulani mgawanyo wa kale. Umempa mgeni nafasi ya kuuliza kama mgeni: Kibena kinasemaje juu ya Munyigumba? Wazee wa Ubena waliwaeleza nini wajukuu wao juu ya safari ya kushuka Kilombero? Maswali hayo hayajibiwi kwa kibao, ila yanaweza kujibiwa na watu waliomo ndani ya gari lilelile, ambao bibi na babu zao walikuwa na lugha ya kuyasimulia. Hapa ndipo udogo wa kikundi unapokuwa na faida. Mkutano wa watu 200 hupigwa hotuba. Watu 12 wanaoshuka Mafinga kula chakula hubishana.

Na ubishi huo ukianza, hauwezi kuishia Kalenga. Mwezi Septemba 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, wapiganaji wa Mbeyela, mtawala wa Wabena wa nyanda za juu, waliishambulia misheni ya Walutheri wa Berlin iliyokuwa Yakobi, si mbali na mji wa Njombe. Walirudishwa nyuma kwa bunduki, na adhabu iliyofuata ilikuwa moto mashambani na njaa. Katika vita hivyo Wahehe kwa jumla hawakujiunga na waasi. Walikwisha kulipa bei yao miaka saba nyuma, na baadhi yao walipigana upande wa Wajerumani. Kiwanga wa Kilombero, aliyewafuata Wajerumani kwa sababu ya Mkwawa, aliuawa mwaka huohuo akiwapigania. Hivyo katika muda wa miaka 14 nafasi zilikuwa zimebadilishana: aliyeitwa shujaa na aliyeitwa msaliti kila mmoja alikuwa amesimama mahali pa mwenzake.

Basi dogo linaporudi usiku kupitia Makambako hushika njia ya kushoto kuelekea Njombe, na Yakobi iko kwenye upande huohuo wa safari. Haihitaji kiingilio, wala kuvuka mpaka wa mkoa.